Nyekundu ya Pindoni

Mimi simwamini mtu anayeniambia "niamini." Ndivyo nilivyo, na mama anasema nilizaliwa nimekunja uso, namkagua mkunga. Basi siku fundi wa uchapaji pale Singida Mjini aliponiambia, "Niamini dada, hii rangi lazima tuiandike," nikajua huyu ana lake jambo.

Nilikuwa nimempelekea kitenge cha mama. Mama aliuza mafuta ya alizeti Ihanja, kando ya barabara kuu, miaka na miaka, amejifunga kitenge kile kile chekundu kilichoiva. Wateja wengi hawakulijua jina lake, na wengine kusoma hawakusoma. Walisema tu, "Nataka ya yule mama wa nyekundu." Miguu ilipomshinda nikashika kazi mimi, nikataka lebo ya chupa iwe nyekundu ile, yenyewe, siyo nduguye.

Fundi alinionyesha kwanza kwenye kompyuta. Ikawaka mpaka nikatabasamu.

"Usifurahie hapo," akasema. "Kioo kina taa ndani, karatasi haina."

Akanieleza kuwa picha nyingi huchapwa kwa vidoti vya rangi nne vinavyolihadaa jicho, lakini yangu ataichanganya kabisa kwenye kopo, iwe wino mmoja. Akapima kwenye mizani ndogo: nyekundu, njano kidogo, nyeusi ya ncha ya kisu tu. Akapaka kwa kidole kwenye karatasi ile ile ya lebo, tukasubiri ikauke, tukatoka nayo nje na kuiweka juu ya kitenge. Lo! Hukuweza kuona nguo inaishia wapi na karatasi inaanzia wapi.

Ndipo akaitoa ile "niamini" yake, akashika kalamu, akaandika vipimo.

"Vya nini hivyo?"

"Ili safari nyingine nichanganye vile vile."

Vile vile kwa nani? Watu wanaokamua alizeti wamejaa kuanzia kwetu mpaka Ulemo, na nani asingependa kuuzia kwenye rangi ya mama yangu?

"Chana," nikamwambia. "Kipimo changu ni hiki kitenge. Nitakuja nacho mwenyewe kila mara."

"Dada, nguo siyo kitu cha..."

"Chana hapa hapa, nikuone!"

Akachana. Nikaviokota vipande vyote, nikaenda kuvichoma jikoni kwangu. Kitenge nikakitundika mlangoni mwa kibanda, barabara nzima ikione. Lebo zikiisha nakitungua, nakipeleka mjini, fundi anachanganya wino kwa kukitazama, narudi nakitundika tena.

Mwaka ukapita hivyo. Siku moja akaja mama mmoja wa makamo, mteja wa tangu enzi za mama yangu, anayechukua mafuta kwangu kwenda kuyauza kijijini kwao. Nikamwamkia, akaitikia, akashika chupa, akaigeuza, akairudisha mezani.

"Mwanangu, hii siyo ile. Watu kwangu wanaikataa. Wanasema ni feki."

Feki! Mafuta ninayokamua kwa mikono yangu! Akaondoka na kapu tupu, na wiki ile wakaondoka hivyo wengine wawili. Sikuwa na chupa ya zamani ya kulinganisha, zote zilishauzwa. Lakini nilishajua mbaya wangu ni nani. Nikapanda gari la kwanza kwenda mjini.

"Fundi, wino wangu unauchakachua!" Duka lilikuwa na watu, nami sauti sikupunguza. "Mzuri unawapa wengine, mimi unanitilia mafuta ya taa!"

Aliomba kitenge, akaweka lebo mpya juu yake. Zikalingana sawasawa. Nikaona hapo ndipo ujanja wenyewe ulipo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia mbele ya wateja wake, nikanyakua kitenge changu nikatoka.

Nyumbani nikammwagia mama hasira zote. Alikuwa anachambua choroko. Hakunituliza wala nini, alinyoosha mkono tu.

"Lete hicho kitambaa."

Akakigeuza, akachukua wembe, akafumua pindo. Ndani ya pindo, upana wa kidole, kulikuwa na nyekundu. Ile yenyewe. Pembeni yake nguo yote ilikuwa imepauka kama tofali la zamani, nami nilikuwa naitazama kila siku bila kuona.

"Mwaka mzima umekianika juani," mama akasema, "halafu unamwita mtoto wa watu mwizi."

Kesho yake nikarudi mjini, na njia nzima nikaomba jambo la ajabu: kwamba yule fundi awe mwongo kweli. Awe aliniibia. Awe alificha nakala ya vile vipimo, maana kale kaukanda ka pindoni kalikuwa kembamba mno, na sikujua kama kangemtosha kulinganishia rangi.

"Fundi, nisamehe," nikasema. "Hukubakiza hata nakala?"

"Uliniambia nichane," akajibu. "Nilichana."

Hakuinua hata sauti. Ningefurahi kama angenitukana.

Akakachukua kale kaukanda, akaanza upya. Mara ya kwanza ikakauka na weusi. Ya pili ikazidi njano. Ya tatu tukaitoa nje, akaiweka juu ya pindo, na mama yangu akawa pale tena.

Fundi akashika kalamu, lakini hakuandika. Akanitazama.

"Niandike?"

"Andika."

Akaandika, kisha akanisogezea karatasi. Mkono ukaichukua kwa mazoea, ukaikunja, ukafika nayo mpaka mkobani. Nikaitoa, nikaikunjua, nikaiweka chini ya mizani yake.

"Ikae kwako, fundi," nikasema. "Kwangu vitu vinapauka."