Masikio ya Marehemu

Kila asubuhi mjomba wangu alikuwa anafuta kioo cha studio akiwa amesimama pembeni, mkono tu ndio unafika mbele. Ni kile kioo cha wateja kuchania nywele. Kiling'aa kuliko macho ya paka, lakini yeye mwenyewe hakujitazama humo hata siku moja. Ukimwuliza, anajibu, "Kioo ni cha wateja. Mimi sikuja kupigwa picha, nimekuja kupiga."

Sababu ukoo mzima tunaijua. Ni masikio. Bibi anasema yalizaliwa masikio kwanza, mtoto akafuata baadaye. Shuleni walimwita Kombe, kwa sababu ya vishikio viwili, na timu yao ikifungwa walikuwa wanambeba juu juu kuzunguka uwanja: "Fungeni tu, Kombe tunalo sisi!" Jina likamganda. Naye akajichimbia ndani ya kofia ya sufu, jua liwake lisiwake.

Ndiyo maana akisafisha picha za watu kwenye kompyuta alikuwa na huruma iliyopitiliza. Ukija na chunusi, unatoka huna. Ukija na videvu viwili, kimoja unakiacha studio. Masikio ndiyo usiseme, hakuna aliyetoka pale na masikio makubwa. Na hakuwa anamwuliza mtu.

"Mtendee mwenzio unavyotaka utendewe," aliniambia siku moja nilipompelekea chakula cha mchana. "Mimi ningetendewa hivi utotoni, saa hizi ningekuwa mtu mwingine."

Basi likizo moja nikiwa nashinda naye pale, akaja mama mmoja mjane, amekumbatia fremu. Ndani mlikuwa na picha ya marehemu mumewe, moja tu aliyobaki nayo, imegandia kioo kwa unyevu. Alitaka isafishwe na ikuzwe, aitundike sebuleni.

"Nimeanza kumsahau, mwanangu," alisema. "Juzi nimefumba macho nikamtafuta, nikapata koti tu."

Mjomba aliibandua ile picha kwa mvuke, taratibu, kama anamvua shati mtoto aliyelala. Uso ukatoka mzima. Masikio yakabaki kwenye kioo, yakawa uji.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Hata Mungu kayakataa."

Akamchorea marehemu masikio mengine, madogo, ya adabu, yamelala kichwani kama kurasa za daftari jipya.

Mama aliporudi aliitazama ile picha kubwa kwa muda mrefu.

"Mwanamume mzuri," akasema. "Nani huyu?"

"Si mzee wako, mama?"

"Mzee wangu alikuwa na masikio. Huyu ni mzuri kweli, ila mimi sikuolewa naye."

"Nilimtengeneza kidogo tu, mama. Nimemtendea kama ambavyo mimi mwenyewe ningependa..."

"Wewe ungependa utengenezwe bila kuulizwa?"

Mjomba akaishika kofia yake. Maisha yake yote watu walikuwa wanayasema masikio yake, na hakuna aliyewahi kumwuliza yeye neno.

"Ningependa kuulizwa," akasema.

"Haya, niulize."

"Yalikuwaje?"

Hapo mama akasahau hasira. Eti yalikuwa mapana, yamesimama, juu yamejikunja kidogo, na la kushoto lilikuwa linacheza mzee akisema uongo. "Miaka thelathini hakuweza kunidanganya. Alijaribu, maskini, sikio likawa linamchongea." Akacheka, halafu macho yakamjaa. "Na wewe umelifuta."

Mjomba akavua kofia.

Mama alizunguka meza, akamkagua kulia, akamkagua kushoto, kama mtu anayechagua sufuria dukani. "Haa! Ndiyo haya haya! Umeyapata wapi, mwanangu?"

"Nilikuja nayo," mjomba akasema.

Akaketi kwenye kiti cha wateja, amekakamaa kama anayengojea kung'olewa jino, mimi nikabonyeza kamera. Alasiri nzima akawa anayahamishia masikio yake kwenye kichwa cha marehemu, na kila hatua anamwuliza mama: hapa? Juu kidogo? Lijikunje zaidi? Mpaka mama akashika mdomo kwa viganja vyote viwili. Mjomba akamwambia aende apumzike, kesho atampelekea mwenyewe, ikiwa kwenye fremu.

Kesho yake bosi, mwenye studio, akaikuta mezani.

"Kombe! Ni nini hii? Watu watasema mashine yetu inavuta masikio! Yapunguze kabla haijatoka."

"Mwenyewe kayataka, bosi."

"Mwenyewe kafa!"

"Na siku ukifa wewe, mkeo apelekewe nani?"

Bosi akajishika pua. Ni pua ya kutosha watu wawili. "Mimi ipunguzwe tu."

"Mkeo umemwuliza?"

"Kombe, chagua. Kazi au masikio."

Mjomba akaifunga fremu kwa gazeti, akaikaza kamba, akaikumbatia kifuani.

"Unakwenda wapi? Kuna foleni hapa!"

"Kumpeleka mzee nyumbani kwake."

Akavuka barabara kwa uangalifu, akiwasimamisha wapanda baiskeli kwa mkono kana kwamba amebeba mgonjwa. Bosi akawaambia wateja wavute subira, huyo anarudi sasa hivi. Wakavuta mpaka jioni. Mjomba hakurudi kazini, wala kesho yake, wala hadi leo.