Waridi Lililosafiri Ndani ya Mgomba

Juzi pale Mwandiga muuza miche alininusisha waridi la rangi ya maziwa. "Hili waliliacha Wazungu, mama." Lilinukia kama majani makavu ya chai, na hasira ikanipanda.

Nilipokuwa mtoto, mchana tulipoteremka botini tukikimbia vita Burundi, bibi yangu alikuwa amekumbatia kipande cha mgomba. Nilidhani ni chakula, nikalia kwa njaa. "Hiki si cha kuliwa, mwana wanje," alisema, akiniita mwanangu kwa Kirundi. Kumbe ndani yake alikuwa amechomeka kijiti cha waridi hilihili, la uani kwetu, kisikauke njiani. Alikipanda Bangwe, tulikofikia, na kila jirani aliyeomba tawi alipewa.

Wazungu gani? "Lililetwa na mkimbizi," nilimwambia yule muuzaji. "Mkono wake mmoja ulilishika hilo, wa pili ulinishika mimi."