Maji ya Kumiminia Kimpumu

Ilianza Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, babu alipoutoa mrija mdomoni, akaufuta kwa kiganja, akaulaza juu ya chungu. Saa naikumbuka kwa sababu baba alikwenda kwenye kibanda chake sokoni akaisahau saa yake juu ya kabati, na mimi wageni wakiwepo lazima nipate kitu cha kukodolea macho ili wasinikodolee wao.

Mrija ukilazwa hivyo, mnywaji ama ameshiba ama ameshindwa. Babu alikuwa hajamaliza hata birika la kwanza.

"Mh," alisema. Basi.

Rafiki yake, mzee waliyekua naye pamoja kijijini Mpuguso na ambaye humfuata babu kila aendako ili aseme yale ambayo babu hasemi, alivuta kidogo, akameza kama mtoto anayemezeshwa kwinini. "Si nilikwambia? Mjini mkono wa pombe hupotea. Tununue makreti, mambo yaishe."

Walikuwa wanazungumzia arusi ya shangazi yangu mdogo, iliyopangwa kufanyika hapo kwetu. Miaka hiyo makreti ndiyo yalikuwa heshima. Tangu biashara iachiwe huru, maduka ya Tukuyu yalijaa bia za kila rangi ya chupa, nyingine kutoka nchi nilizozijua kwenye ramani tu, na mtu aliyeoza binti bila makreti yaliyopangwa mbele ya turubai alionekana amelala. Babu hakuyapenda. Alisema bia ya chupa inajaza tumbo upepo. Lakini alikuwa ameshatamka mbele ya ukoo: atakuja kwetu Msasani, hii ya Tukuyu mjini, aonje. Mkono wa mkwe wake ukiwa bado upo, arusi itakuwa ya kimpumu. Ukiwa haupo, makreti.

Mkwe mwenyewe ni mama. Kijijini hapakufanyika arusi bila kuitwa yeye. Tulipohamia mjini, baba alipopunguzwa kazini, hakuna aliyemwita tena. Hakulalamika, ila nilimwona arusi zikipita barabarani na vigelegele vyake, anaacha anachofanya, anasikiliza mpaka ziishilie kwenye kona. Kwa hiyo kimpumu kile hakikuwa pombe tu. Alikipika kama mtu anayefanya mtihani wa mwisho.

Kwa asiyekijua: ulezi unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unapikwa na kuachwa uchachuke mpaka uwe machicha mazito yenye uchachu wa kuamsha ulimi. Machicha hayo ndiyo yanayowekwa kwenye chungu mbele ya mgeni. Unamimina maji ya moto, unangoja kidogo, mgeni anavuta kwa mrija. Maji yakipungua unaongeza. Mmiminaji nilikuwa mimi.

Nilikuwa mimi kwa sababu mama na babu hawaonani. Kwetu mke haonani na baba wa mumewe. Tangu aolewe, mama akisikia kikohozi cha babu njiani hupotelea migombani, na babu naye akifika kwetu hukohoa mapema ili ampe nafasi. Hawajawahi kusemezana hata neno. Siku hiyo mama alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, kajitanda kanga mpaka machoni ingawa kati yao kulikuwa na ukuta mzima. Mimi nikawa miguu yake na, kwa bahati mbaya, mdomo wake. Darasani jibu nalijua na mkono siunyooshi. Ndivyo nilivyo.

Nilirudi jikoni na birika.

"Amesemaje?"

"Amesema mh."

"Mh ya kupanda au ya kushuka?"

Nikafikiri. "Ya kushuka."

Mama akakaa kwenye kigoda. Halafu akainuka, akachota machicha kidogo kwenye ndoo, akayaweka ulimini. Akakunja uso kwa kushangaa. "Haya ni mazuri. Sasa wao wanakunywa nini?"

Nikampa kikombe nilichokuwa nimekichota kwenye chungu chao wakati wanaongea. Alipoonja, mabega yalimshuka. Akaanza kutafuta mchawi. Kwanza ulikuwa ulezi, kwa kuwa aliununua sokoni. Halafu chungu, kwa kuwa ni kipya. Halafu mke wa baba mkubwa, aliyepita siku ulezi ulipoanikwa akasema, "Umeota vizuri, wifi," na kuondoka bila kukaa.

"Mtu gani anasifia kisha hakai?" mama aliniuliza.

Nikaliweka birika chini.

"Na maji nimebeba kutoka Mpuguso! Madumu manne! Mpaka kondakta akaniuliza kama nahama na mto."

Ni kweli. Lakini madumu yote manne yalikuwa yameishia kwenye kupika. Bomba letu lilikuwa kavu tangu katikati ya wiki, na asubuhi ile mama mwenyewe ndiye aliyenituma nikateke kwenye chemchemi ya bondeni, hatua chache tu kutoka kwetu. "Ya kumiminia ni maji tu," alisema. "Yoyote yanafaa."

Nililifunua birika niongeze maji. Ndani lilikuwa na ukoko mweupe kama chokaa ya ukuta wa zamani. Ukoko huo nilikuwa nauona kila siku, na kila siku nauacha. Siku hiyo niliukwangua kwa ukucha.

Sijui niandikeje jinsi mambo yalivyonijia, maana hayakuja kwa mpangilio. Niliwakumbuka ng'ombe. Wachungaji huwapitisha bondeni, na ng'ombe wakifika kwenye chemchemi ile hawachapiki, watakunywa mpaka watosheke na mawe watayalamba. Halafu maharage. Tangu tuhamie Msasani maharage yetu yalikuwa yanaiva kabla sijamaliza kuosha vyombo, na mama akaisifu chemchemi kwa majirani kwamba inaokoa kuni. Na chai! Chai yetu ilikuwa nyeusi kama masizi na haina ladha. Hapo mama aliwalaani wafanyabiashara, eti tangu biashara iwe huria wanachanganya majani ya chai na majani ya miti. Yaani sisi, tunaoishi katikati ya mashamba ya chai.

Sasa kila mtu anajua ni kitu gani hutiwa kwenye maharage yaive upesi. Na mwalimu wetu wa kemia alishatuonyesha, kwenye kopo la maziwa kwa kuwa vifaa hakuna, ndimu ikikamuliwa juu ya magadi: povu, kelele kidogo, kisha vyote viwili vinakufa. Ndimu haina uchachu tena. Nikakumbuka kwamba nilipomimina birika la kwanza, chungu cha babu kilisema shiii. Nilidhani ni joto.

"Mama," nilisema. "Nadhani ni maji."

"Maji yapi? Nimekwambia nimeyatoa nyumbani Mpuguso."

"Ya kumiminia. Ya bondeni yana kitu kama magadi. Uchachu wa kimpumu ni asidi. Vikikutana vinauana."

Akanitazama. "Nani kakwambia?"

"Mwalimu wa kemia."

"Ameshakunywa kimpumu huyo?"

"Hapana. Katoka Lindi."

"Sasa atajuaje?"

Hata hivyo hakunifukuza. Ugumu ulikuwa mmoja: maji mengine tutayapata wapi? Mpuguso ni mbali, bomba kavu. Nje ilikuwa inanyesha, kama Tukuyu inavyonyesha siku zote, tangu saa sita mchana. Chini ya paa palikuwa na pipa letu la mvua, na ndani yake bata wawili wa jirani.

Mama aliona macho yangu yanakoelekea. "Thubutu! Nimpe baba mkwe maji ya kunawia miguu?"

"Si ya pipani. Ya juu."

Nikatoka na sufuria kubwa nikaisimamisha chini ya ukingo wa bati. Bati lilikuwa limeoshwa na mvua ya saa tatu na zaidi, maji yalikuwa meupe pe. Sufuria ilijaa kabla mama hajamaliza kunikataza. Tukaiweka motoni, na birika tukaliweka kando.

"Mjukuu!" rafiki wa babu aliita kutoka sebuleni. "Huko jikoni wameshalala?"

Ikabidi niende. "Moto umezimika kidogo, babu."

"Umezimika na moshi tunauona?" akauliza rafiki huyo.

Mrija wa babu bado ulikuwa umelala juu ya chungu. Nilikichukua chungu, nikakikumbatia kana kwamba nimekiiba, nikatoka.

Mama alikuwa amepanga vikombe viwili vyenye machicha. Kimoja nilimiminia maji ya birika, kingine ya sufuria. Cha birika kikanong'ona shiii, na safari hii mama alikisikia, akainama karibu. Cha sufuria kilinyamaza. Tukangoja. Akaonja cha kwanza. "Majivu," akasema, akatema. Akaonja cha pili, akafumba macho.

"Ee," akasema kwa sauti ya kijijini. Halafu akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa kanga ili mkwewe asisikie, mwili wote ukimtetemeka. Na mimi nikacheka. Sisi wawili hatukuwa tumecheka hivyo tangu tuhame.

Tukaosha chungu, tukatia machicha mapya. Mlangoni akanishika mkono. "Asipouliza, usiseme."

Babu alivuta. Akangoja. Akavuta tena, safari hii mashavu yakaingia ndani. Rafiki yake, aliyekuwa katikati ya maelezo ya bei ya kreti, alinyoosha mrija wake, akavuta, na sentensi yake sijaisikia mwisho wake mpaka leo. Nilimimina mara ya pili, mara ya tatu. Mrija wa babu haukulazwa.

"Mjukuu wangu," babu alisema. "Maji haya umeteka wapi?"

Niliitazama saa ya baba. Ilikuwa inakwenda, lakini sikuona inasema nini. Ningeweza kusema bombani. Lakini ningesema bombani, siku ya arusi ingekuwaje?

"Ya mvua, babu. Ya batini. Yale ya kwanza ya bondeni yana magadi, yanaua uchachu."

Ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia kwa mkupuo.

"Yesu wangu!" rafiki yake akapaza sauti. "Tumenyweshwa maji ya bata!" Lakini mrija hakuutoa mdomoni, kwa hiyo yalitoka yamebanwa, na babu akacheka mpaka akakohoa.

"Na huko Mpuguso mto unajazwa na nini, we mzee? Si mvua hii hii?" Akanigeukia. "Mwambie wa jikoni mkono haujapotea. Mwambie apike yeye. Makreti wanunue wasiokuwa na wakwe. *Ndaga fijo*, mwanangu."

Asante sana, hiyo, kwa lugha yetu. Ukuta wetu ni wa matofali mabichi na una ufa wa kupitisha kidole. Hata hivyo nilitoka, nikazunguka nyumba kwenye mvua, kwa sababu ujumbe lazima upelekwe. Nikamkuta mama amesimama, sikio kwenye ufa.

"Anasema mkono haujapotea. Anasema upike wewe."

"Sijasikia," mama akasema, macho yanamng'aa. "Rudia."

Nikarudia.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kanisa, mvua ilikuwa imekatika. Niliwafukuza bata, nikalimwaga pipa, nikalilaza ubavuni nikaanza kulisugua, nusu ya mwili wangu ikiwa ndani. Arusi ilikuwa imebaki majuma mawili na maji yangehitajika mengi. Nilisikia nyayo za mama zikipita na kuni, zikasimama.

"Hicho unachosugulia ni nini?"

"Majivu."

"Toa. Hayo na magadi ni ndugu. Utaniulia uchachu."

Nikatoka pipani, nikaenda kuchota mchanga.