Waridi Akataa Kurudi Majengo

Waridi alipotoka Bujumbura aliishi Majengo, Thika, kwenye ploti iliyojaa Warundi wenzake. Vyumba vilikuwa giza na maji ya kubahatisha, lakini hukosi mtu wa kupiga naye gumzo. Mumewe, Idarous, fundi wa makochi, alipopata kazi Ruiru, wakahamia Kimbo. Huko jua liliingia hadi kitandani, na binti yao Safaa akapata uwanja wa kuchezea. Ila majirani walisema tu, "Sasa, Mama Safaa," wakapita. Hata sahani ya chakula hawakumletea.

"Hawatutaki," alimwambia mumewe mimba ilipokua. "Nikizaa wasije kumwona mtoto, narudi Majengo."

Alizaa mvulana. Majirani wakaulizia hali yake wakiwa mlangoni, wakaondoka. Basi Uthman, mdogo wake Idarous, akaja na pikapu.

"Si niliwaambia hawa si watu wetu?" alisema akilifunga godoro kwa kamba.

Hapo wakatokea akina mama wa ploti, mmoja na makaa, mwingine na unga wa uji. Mbele yao alikuwa Gathoni, jirani wa mlango wa pili, amekumbatia jogoo anayepiga kelele.

"Ngai! Mnampeleka wapi mtoto hatujampakata?"

"Mbona hamkuja?" Waridi aliuliza, machozi yakimlenga.

"Tuje na nini? Kwetu mama aliyezaa haendewi mikono mitupu, anapelekewa supu. Na hizi sufuria zetu zimepika nguruwe tangu tuolewe! Hata chai tuliogopa kukuletea. Ni jana Becky huyu mwenye makaa amesema, si tumpeleke kuku mzima, mzee wake achinje mwenyewe?"

"Kumbe wakati huu wote ni sufuria?"

"Ni sufuria, mama. Shika huyu jogoo, amenichafua vya kutosha."

Waridi alicheka mpaka akashika tumbo. "Uthman, shusha godoro."

"Shemeji! Na nilivyohangaika na hii kamba?"

"Shusha. Baba Safaa, leta kisu."

Supu ilichemka kwenye sufuria ya Waridi. Akina mama walijaa chumbani, mtoto akipita paja hadi paja, kila mmoja akidai anafanana na wa kwake.

Uthman alimaliza kunyonya mfupa, akamgeukia Gathoni kwa aibu kidogo.

"Mama, ile nyumba ya pembeni, ina mtu?"

"Haina. Lakini ukihamia, kuku ununue mwenyewe."

Mwisho wa mwezi, pikapu ilirudi Kimbo na vyombo vya Uthman.