Iliki ya Aleyamma Bado Inasubiri Kiwango

Asubuhi, ukungu ungali umetanda juu ya milima ya Idukki, kusini mwa India, Aleyamma Varkey anavaa glavu mpya na kuinama penye mche wa iliki. Anachuma punje mbichi kwenye mstari uliopuliziwa dawa ya wadudu, anazitia kwenye mfuko, na mfuko unaingia kwenye boksi la barafu.

"Hizi si za chai," anatania. "Zinakwenda maabara."

Huko watapima dawa iliyobaki. Kwa majaribio kama haya wataalamu hupanga kiwango cha juu cha masalia ya dawa kisichomdhuru mlaji. Kwa dawa hii kwenye iliki, kiwango hakijawekwa, na wanunuzi wa ng'ambo hukataa mzigo wakikuta hata chembe.

Ndivyo mzigo wa Aleyamma na mumewe ulivyorudishwa miaka minne iliyopita. Kipato kikakatika, na mumewe, Kuriakose, akaenda Muscat, Oman, kufunga viyoyozi. Binti yao anamjua baba kwa sauti tu.

"Akipiga simu hata hanisalimii. Ni 'Wameshapanga kiwango?'" Aleyamma anacheka, kisha kicheko kinakatika.

Mwaka jana kazi ya majaribio ilikaribia kwisha. Siku moja, akiwa peke yake shambani, alinusa dawa kwenye mstari wa kulinganishia, ule usiopaswa kuguswa na dawa kabisa. Jirani alikuwa amepulizia dawa shamba lake mwenyewe, upepo ukaivusha.

"Ningenyamaza, nani angejua? Nilikaa chini nikamwaza mume wangu. Halafu nikamwaza mtoto wa mtu, anakunywa maziwa yenye iliki yetu, mamaye anaamini ni salama."

Akamwendea mtafiti anayesimamia majaribio, Bindu.

"Daktari, mstari ule umeharibika."

"Dada, una hakika? Unajua maana yake?"

"Najua. Ndiyo maana nimechelewa kuja."

Matokeo ya msimu mzima yakatupwa. Jioni Aleyamma akampigia Kuriakose, akamweleza.

"Umefanya sawa, Aley," akasema Kuriakose. "Ila mwaka mzima, mke wangu."

Msimu huu mstari wa kulinganishia umebaki safi. Sampuli za mwisho zinaondoka wiki hii, kisha wataalamu watakaa kuamua. Aleyamma hajaahidiwa tarehe.

Kiwango kikitoka, anasema, Kuriakose atarudi na watafufua tanuri la kukaushia iliki nyuma ya nyumba.

"Achume yeye, nikaushe mimi. Na tugombane uso kwa uso. Kwenye simu hata ugomvi hauna utamu."