Kipande cha Shubiri Moja

Tulipomaliza arubaini ya Mama, nilibaki Likoni peke yangu nikipanga vitu vyake. Ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya kanga, nikakuta kaseti isiyo na lebo. Niliitambua papo hapo, rafiki yangu. Nilidhani Mama aliitia motoni tangu nina miaka kumi na miwili.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, Baba alikuwa dereva Arabuni. Mama hakujua kusoma, basi Baba akatuletea barua ya sauti. Alichukua kaseti ya ngoma za harusi aliyoondoka nayo nyumbani, akaziacha ngoma upande mmoja, na upande wa pili akasema yake: akisalimia jirani mmoja mmoja, akikohoa, akicheka. Mwisho aliniambia mimi kwamba anakuja. Hakuja. Lori lake lilipinduka, akazikwa huko huko. Kila Ijumaa mchana Mama alinawa ukwaju wa viazi karai alivyouza, akaketi mkekani, akamsikiliza.

Mimi nilishinda kwa jirani yetu, fundi wa redio, kibandani mwake mlimonuka risasi ya kuchomea. Yeye ndiye aliyenifundisha kukata muziki kwa mkono. Unausikiliza utepe mpaka ngoma inapodunda, unatia nukta ya rangi ya kucha, unakata kwa wembe, unaunga ncha kwa selotepu, kisha unaurudisha kasetini ukiwa duara. Shubiri moja na kidogo ilitoa mdundo usiokwisha. Nilijifunzia kaseti mbovu, zenye kukwaruza. Nilitaka mdundo safi, niwatambie wasichana wenzangu tukicheza chakacha, na nyumbani kaseti safi ilikuwa moja tu.

Nilijiona mwerevu kweli. Barua iko upande wa pili, nikajiambia, mimi nakata ngoma. Nikakata, kipande nikakitia katika ganda la kaseti mbovu kikiwa duara, nikauunga utepe uliobaki, nikairudisha kaseti ya Baba mahali pake.

Ijumaa, Baba alipofika mwisho wa barua, sauti iliruka. Mama akarudisha nyuma, akasikiliza tena, na tena. Akaniita.

"Abee, Mama."

"Umeifanya nini?"

Nikamwonyesha kaseti yangu ya duara. Alinishika mkono hadi kwa fundi, hata viatu hakuvaa.

"Utepe ni mmoja, mwanangu," fundi alisema taratibu. "Pande zote mbili zimo humu humu. Ukikata karatasi huku, kule kutabaki?" Akaigeuza kaseti yangu, akabonyeza.

"Naja, mwanangu, naja," Baba akasema. "Naja, mwanangu, naja. Naja, mwanangu..."

"Zima!" Mama akafoka. Fundi akasema anaweza kukirudisha kile kipande mahali pake. "Mshamkata mara moja," Mama akamjibu. "Yatosha." Akaichukua ile kaseti yangu ya duara, akatoka.

Hakunipiga. Ningeona nafuu angenipiga. Ijumaa hazikuwa na sauti tena, na neno Baba likawa halitajwi mbele yangu. Nami niliona haya, nikasubiri siku nzuri ya kumwomba radhi, mpaka nikaolewa Changamwe.

Kibanda cha fundi siku hizi kinauza makava ya simu, na honi ya feri tu ndiyo ile ile. Redio ya kaseti nilihangaika wiki nzima kuipata. Kabla ya kuicheza kaseti niliifungua. Lile duara langu lilikuwamo, utepe umepauka, na penye kiungo selotepu mpya ilibandikwa juu ya kuukuu, tabaka kwa tabaka, ncha zimekatwa zikanyooka kuliko nilivyowahi kukata mimi. Mama alijifunza peke yake.

Nikaweka upande wa barua. Kulikuwa na mchakacho mtupu. Nikageuza, hata ngoma haimo. Alikuwa amemsikiliza Baba kwa siri, redio chini kabisa, mpaka akammaliza, chumba cha pili kutoka changu, nami nikidhani amenuna, sikuwahi hata kugonga mlango nikamwambia, Mama, nisamehe.