Tovuti ya Bure Niliyompa Baba Mkwe

Jamani, haya nimeyaficha miaka miwili, na ningeendelea kuyaficha kama shemeji yangu asingeyasimulia juzi kwenye harusi ya watu wengine, tena akayasimulia vibaya, akasema nililia. Sikulia. Mengine yote ni kweli, na aibu ni yangu mwenyewe, sina wa kumsingizia.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Nimezaliwa Uvira, nimekulia hapa Bujumbura, Kanyosha, na kwetu Kanyosha ukisema unatengeneza tovuti watu wanakuuliza kama unaweza pia kutengeneza redio (naweza, lakini hiyo siyo hoja). Nadine, ambaye sasa ni mke wangu, ni binti wa muzee Laurent wa Gasenyi, fundi seremala, mtu aliyetengeneza vitanda vya nusu ya mtaa wake na sijasikia kimoja kilichorudishwa. Muzee Laurent hakunichukia. Shida yake ilikuwa moja tu, kwamba haelewi ninakula wapi. Alimwambia Nadine, "Uyu kijana ni muzuri, lakini kazi yake mi sijaiona. Mutu akifanya kazi, inaonekana." Na Nadine akaniambia wazi kwamba baba yake akifika siku ya kuombwa bado ana wasiwasi huo atakataa, na yeye hataolewa kwa kumkaidi baba yake.

Basi nikaona nimtengenezee muzee tovuti ya karakana yake, iwe zawadi, ili kazi yangu aione kwa macho. Nikapiga picha vitanda, makabati, meza, na yeye mwenyewe akiwa ameshika randa, amekaza uso kama anapigwa picha ya kitambulisho. Ikatoka vizuri, sijisifu. Kilichobaki kilikuwa kuamua ikae wapi, maana (kwa wasiojua) tovuti lazima ikae kwenye kompyuta ya kampuni fulani iliyowashwa usiku na mchana, na ziko kampuni za kulipia na ziko za bure. Wateja wangu wote nawaweka kwenye ya kulipia. Ya muzee nikaiweka kwenye ya bure. Nilijiambia ni kwa muda tu, harusi ina gharama nyingi, na watakaoifungua ni yeye na Nadine, labda na fundi mwenzake mmoja mwenye wivu.

Masharti ya vile vya bure mimi nayajua sana, kwa sababu ndiyo ninayowatishia wateja ili walipe. Wageni wakizidi kiasi, wanaifunga tovuti, na ikifungwa hakuna mtu wa kumpigia simu. Halafu juu ya ukurasa wanaweka matangazo yao, wanayoyachagua wao, siyo wewe. Hilo la matangazo nililisahau kabisa, kwa sababu kompyuta yangu na simu yangu zina programu ya kuyazuia, kwa hiyo kila nilipoifungua nilimwona muzee Laurent na vitanda vyake tu, safi. Muzee na Nadine nao niliwaonyesha kwenye simu yangu hiyohiyo, anwani nilikuwa sijawapa bado.

Siku ya kuomba tukafika Gasenyi saa nane mchana, na makreti yetu ya vinywaji, suti yangu ikinibana kwapani. Hema limejaa uani, watu kama mia na hamsini, sisi upande huu, wao upande ule. Sasa mujue kwamba siku hiyo kila upande una msemaji wake, na wasemaji hao wanashindana kwa maneno mpaka mmoja achoke, na yule anayeombewa mke hasemi kitu. Anakaa, anaweka mikono kwenye magoti, anatazama mbele kwa heshima. Msemaji wetu alikuwa mjomba Deo, ndugu wa mama yangu, mtu anayependa maneno kuliko chakula, na nilikuwa nimefanya kosa la kumwonyesha ile tovuti asubuhi, kwenye simu yangu mimi.

Ilienda vizuri karibu saa nzima. Kisha msemaji wao (mwalimu mstaafu, mwembamba, mpole, mtu hatari sana) akauliza, "Uyu kijana wenu, anafanya kazi gani? Tunasikia ni informaticien, mutu wa kompyuta. Ni kazi ya kukaa kivulini?" Watu wakacheka kidogo. Mjomba Deo akasimama polepole, akafunga kifungo cha koti, nami nikajua anataka kufanya jambo.

"Wandugu," akasema, "sisi hatuleti maneno ya bure. Toeni telefone zenu, wote! Mutaona mwenyewe kazi ya mutoto wetu."

Akaanza kutaja anwani, herufi moja moja, na kwa kuwa ni ndefu aliitaja mara tatu, na watu wakaiandika kwa utii kama wanafunzi. Mia na hamsini. Kwa mara moja. Nilihesabu kichwani kile kiasi cha wageni kinachoruhusiwa, nikainua mkono, shangazi yangu akanikanyaga mguu kwa kisigino. Nikarudisha mkono kwenye goti.

Wa kwanza kuiona alikuwa yule mwalimu. Akavaa miwani, akasoma kimyakimya, akaomba kipaza sauti. Tangazo lilikuwa la Kifaransa, yeye akatutafsiria kwa upole: "Iko picha ya muzee wetu Laurent. Na juu ya kichwa chake wameandika hivi: wanamuke wa Bujumbura wanakungojea, jiandikishe, ni bure." Akavua miwani. "Sisi tulizani mumekuja kuomba mwanamuke hapa. Kumbe muko nao wengi, tena wa bure. Sasa munatafuta nini kwetu?"

Hema likalipuka. Mama mmoja wa upande wao alicheka mpaka akashika mti wa hema. Muzee Laurent hakucheka, alikuwa anaitazama simu ya jirani yake, anatazama uso wake mwenyewe chini ya yale maneno.

Nikaomba Mungu tovuti izimike. Ikazimika. Picha zikapotea kwenye simu zote, ukabaki ukurasa mweupe wenye sentensi moja, na mwalimu akausoma huo pia. "Sasa inasema kwamba kompte, akaunti yake, imesimamishwa. Alifanya nini, mupaka bamusimamishe?"

Mjomba Deo, ambaye kwake mtu akisimamishwa ni mtumishi aliyekula fedha za ofisi, akaruka juu. "Ni ya muda tu! Atarudishwa! Mutoto wetu apana mwizi!"

Hakuna aliyekuwa ametaja mwizi. Baada ya hapo wote walilifikiria.

Ndipo muzee Laurent akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye sherehe yoyote. Akamwashiria msemaji wake akae, akaniita mimi, mwenye mambo. "We Élie, simama. Nieleze we mwenyewe, hii kitu ni nini."

Nikasimama, nikamweleza. Kwamba mimi siyo mwizi, kwamba matangazo siyo yangu, kwamba tovuti imewekwa mahali pa bure na pa bure panafanya hivyo, wakikuta watu wengi wanafunga. Nilieleza vizuri kabisa, kama ninavyowaeleza wateja.

"Na bateja bako," akauliza, yaani wateja wangu, "nabo unabaweka ku bure?"

"Apana, muzee. Bale ni ku ya kulipa."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo wa bure ni mi."

Hapo hakucheka mtu. Akaingia ndani ya nyumba na wazee wake, wakakaa muda mrefu, na msemaji wao akarudi kutuambia kwamba vinywaji wamevipokea kwa shukrani, ila jibu tutakuja kulitafuta siku ingine. Tulirudi Kanyosha na mjomba Deo akaongea njia nzima. Jioni Nadine akanipigia. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Baba alikuwa ameisha kuambia mafundi wote wa mutaa waje kuiona," kisha akakata.

Kesho yake asubuhi niliihamishia kwenye ya kulipia, kwa jina la muzee, anwani fupi, bila mwanamke yeyote juu ya kichwa chake. Tukarudi Gasenyi baada ya wiki sita, mjomba Deo akiwa ameapa kutogusa mambo ya simu, na wakatupa Nadine. Lakini muzee Laurent tovuti hakuitaja siku hiyo, wala siku ya harusi, wala mwaka mzima uliofuata. Tangu hapo niliapa: ndugu, shemeji, parokia, yeyote, nikimfanyia kazi namfanyia kama ninavyomfanyia mgeni, au nimwambie siwezi.

Mwezi uliopita muzee akanipigia mwenyewe. Akasema yuko jirani yake anayechomelea milango ya chuma, naye anataka tovuti, ningemfanyia bei gani? Nikamtajia bei kamili, na ya kuihifadhi mahali pa kulipia, sikupunguza hata faranga.

"Ni sawa," akasema. "Nitamuambia mukwe wangu ndiye anafanya hiyo kazi."

Sawa, hapo nililia.